Tangi Jeusi Uani kwa Mtu

Tangu mwanangu wa mwisho aende Mombasa kutafuta kazi, alasiri za nyumbani kwangu zimekuwa ndefu. Nikishaswali hukaa karibu na dirisha nikashona kofia. Nashona kofia za viua, vile vitundu vidogo vya kuzungushiwa uzi, hizi za kiume wanazovaa msikitini na harusini. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo, na binti yangu kaolewa Mtwapa. Kwa hivyo niko mimi na sindano yangu, na simu nimeiegemeza kwenye kopo la uzi. Nikitua mkono kidogo, nasoma siasa.

Mdogo wangu alikuwa akinicheka sana. Alikuwa akija na mkeka wake, akae karibu yangu kuchambua mchele, aniambie, "Dada, wenzio waangalia tamthilia za Kituruki. Wewe waangalia bajeti ya kaunti!"

Nami humwambia, "Hii nayo ni tamthilia, ila haina mwisho."

Kusoma nimejifunza ukubwani. Baada ya mume kufariki nilijiandikisha gumbaru, masomo ya jioni kwenye shule ya msingi ya karibu, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao. Mwalimu wetu alikuwa na neno moja kila siku. "Andikeni mlichokiona leo. Mlichosikia waachieni wenyewe." Mimi niliandika habari za soko, za mvua, za foleni ya zahanati. Akaniambia, "Wewe mama, ungekuwa na gazeti." Gazeti sikupata, lakini mwanangu kabla ya kuondoka alinifungulia ukurasa kwenye simu. Picha yangu sikuitia, nilitia picha ya kofia.

Ndipo nikajua kumbe tuko wengi. Watu hudhani wanaoandika siasa mtandaoni wote ni wa kutukana, na si kweli. Yuko kijana mmoja wa hapa Malindi mjini, huyo matusi ni chai yake ya asubuhi, lakini katikati ya matusi hutia habari ambayo hakuna mwingine kaijua, kwa hivyo wamsoma umefumba jicho moja. Yuko mmoja wa Kilifi, upande wa Bofa, nadhani afanya kazi hotelini maana huandika akitoka zamu. Kiswahili chake kimenyooka kama shuka la kitanda cha mgeni, na hueleza sheria za kaunti pole pole mpaka ufahamu. Wasomaji wake wachache, sijui kwa nini. Yuko mzee wa Kakuyuni, yeye hugombana na mheshimiwa tuliyemchagua kwa mashairi, na kina kikimkataa huomba radhi kwa wasomaji, si kwa mheshimiwa.

Halafu yuko mkulima wa Vitengeni. Huyo huandika mistari mitatu basi. Daraja limebomoka, picha hii hapa, aliyepewa kazi ni fulani. Kesho yake atatia picha ya mbuzi wake.

Na mwisho kuna ukurasa niliokuwa nikiudharau kuliko zote. Wenyewe ni picha tu za mheshimiwa akila. Mheshimiwa akila Gongoni. Mheshimiwa akila Mambrui. Mheshimiwa kakaa chini kwenye jamvi, mkono uko siniani, na chini maneno ya kumsifu. Nilimwambia mdogo wangu, "Huyu mwandishi gani? Huyu ni mpiga picha za pilau."

Mimi niliandika ya mtaani kwetu, yale ninayoyaona mlangoni. Na ndivyo nilivyofika kwenye tangi.

Wadi ilitoa tangi kubwa jeusi kwa ajili ya mtaa wetu, maana mifereji yetu, yaani mabomba ya maji, yaweza kukauka wiki nzima. Tangi likaja kwenye lori, likateremshwa uani kwa mzee mmoja wa kamati ya mtaa, kwa muda tu, ati mpaka msingi ujengwe kando ya njia. Msingi haukujengwa. Tangi likabaki ndani ya ukuta wake, na mfereji ukawa wafunguliwa akitaka yeye. Jamaa zake wachota kwanza, sisi wengine twasimama juani na mitungi mpaka achoke kutuangalia. Siku moja alitoka mwenyewe akafunga, mwanamke mja mzito yuko mbele ya foleni. Nilikuwepo. Nikarudi nyumbani nikaandika.

Niliandika, "Kuna tangi jeusi uani kwa mtu. Tangi ni la mtaa, ufunguo ni wake. Sisi twaungua na jua mlangoni kwake tukingoja maji yetu."

Jina sikulitia. Kwetu mtu mzima hatajwi hadharani. Ukiwa na neno na mtu, huvaa leso yenye maneno ukapita mbele yake, au hulitia kwenye nyimbo za harusi, naye atajijua. Ndivyo tulivyolelewa. Tena nilichelea dhambi ya kusengenya. Nikasema, mwenyewe yuajijua, na Mungu amjua, yatosha.

Lakini mjini kwetu ukificha jina, ndio umewapa watu kazi ya kulitafuta. Wakaanza pale pale chini ya maneno yangu, wengi wa mitaa mingine wasioijua foleni yetu, na wetu walioijua wakaogopa kumsema mzee.

"Tangi jeusi uani, nani huyo jamani?"

"Si yule wa mkokoteni? Yule auzaye maji?"

"Aa, kumbe ndiyo maana maji yake hayakatiki!"

"Na harusi ndiyo hiyo yaja. Mtakula biriani ya maji ya wananchi!"

Wa mkokoteni ni shemegi yangu, mume wa mdogo wangu. Kasukuma maji mtaani tangu kijana, mitungi juu ya mkokoteni, mpaka akanunua tangi lake mwenyewe akaliweka uani kwake. Na tangi lake, kama yalivyo matangi mengi, ni jeusi.

Mimi sikuyaona maoni yale siku hiyo. Nilikuwa nimezama kwenye kofia moja, nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, ya bwana harusi. Binti wa mdogo wangu alikuwa aolewa na kijana wa watu wa Mambrui. Mtoto huyo ni kama nilimzaa mimi. Mamake alipougua baada ya kujifungua, nililala naye kifuani miezi. Mimi ndiye mama yake mkubwa, na kofia ya bwana harusi nilisema tangu yeye yuko shule kwamba itatoka mkononi mwangu.

Mdogo wangu aliingia bila hodi, buibui hakuvua.

"Dada, umetuua."

"Kuna nini?"

"Waniuliza mimi? Mume wangu kaambiwa mlangoni mwa msikiti arudishe tangi la watu! Kavaa viatu vyake akarudi nyumbani. Wateja wake wanunua kwa mwingine."

Nikachukua simu nikasoma. "Wallahi sikumkusudia yeye."

"Ulimkusudia nani?"

Ndugu yangu, tumbo moja, milango imefungwa, na ulimi ulikataa kulitoa jina la yule mzee.

"Waona? Hata mimi huniambii."

"Nitaandika kwamba si shemegi."

"Ukiandika si yeye, watasema dada mtu kaenda kulishwa akanyamaza. Futa! Futa yote!"

"Siwezi kufuta. Ni kweli."

"Kweli ya nani, Dada? Wakwe wa Mambrui wametuma mtu kuuliza. Wameuliza kwa adabu, lakini wameuliza." Akasimama. Mkeka wake alikuwa kauacha kwangu pembeni, ule wa kuchambulia mchele. Akaukunja akautia kwapani akatoka nao.

Ijumaa nilipika samaki wa kupaka, anavyopenda shemegi, nikatia kwenye sahani nikafunika kwa kawa, nikapeleka mpaka mlangoni kwao nikamkabidhi mtoto aliyenifungulia. Mimi na mdogo wangu sahani zetu zimekuwa zikienda na kurudi tangu tuolewe, na kwetu sahani ya mwenzio huirudishi tupu. Utatia hata ndizi mbili. Kabla ya magharibi sahani yangu ilirudi. Nikafunua kawa. Samaki wangu yumo, hakuguswa, rojo limeshaganda.

Nilikaa naye jikoni. Sikumla, wala sikumtupa mpaka paka alipokuja kuniuliza.

Siku zile ndipo nilipojua upweke ni nini. Kufiwa na mume nilizoea, maana ukifiwa watu huja. Hili watu hawakuja. Nikajaribu kushona, uzi wakatika. Nikasoma zile kurasa zangu zote, za matusi na za mashairi, nikitafuta mtu mmoja aliyeandika "pengine siye." Hakuna.

Ila nilipata ujumbe. Ulikuwa wa yule mkulima wa Vitengeni. Hatujaonana mpaka leo.

"Bwana asifiwe mama," akaandika. Kisha, "Samahani, salaam aleikum. Hilo tangi ni la nani?"

Nikamjibu sisi hatutaji watu, ni adabu yetu.

"Sawa mama, kila mtu na kwao. Huku kwetu ukisema mbuzi kaibwa, wamtaja mwizi, ama wanyamaza mpaka umjue. Ukisema tu kuna mwizi kijijini, kila mwenye kitoweo jioni hiyo atapigwa."

Nikaweka simu chini. Baadaye ikalia tena.

"Nani kapigwa kwa sababu ya tangi?"

Nikamwandikia yote, ya shemegi, ya wakwe, ya samaki, mpaka ya kofia. Mtu nisiyemjua, Mkristo wa bara, mwenye mbuzi. Sikuwa na mwingine.

Akajibu kwa ufupi, kama anavyoandika kila kitu. "Basi adabu umemfanyia yule mwenye ufunguo. Shemegi yako umemfanyia nini?"

Niliswali nikakaa sana kwenye mswala. Nilikuwa nimechelea kusengenya, kumsema mtu kwa alilolifanya. Nikaacha mtu mwingine asemwe kwa asilolifanya, na hilo ndilo zito zaidi, tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tukiwa watoto. Nikaomba nipewe moyo. Asubuhi yake nikavaa buibui nikaenda kwa mzee mwenyewe, maana sikutaka alisikie jina lake kwa watu kabla ya kulisikia kwangu.

Alikuwa kakaa kwenye kiti uani, tangi liko nyuma yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Maji leo hakuna."

"Sikujia maji. Nimekuja kukwambia nitaandika tena habari ya tangi, na mara hii nitaweka jina lako."

Akaniangalia kisha akacheka. "Wewe si mshona kofia?"

"Ndiye mimi. Hata hiyo uliyovaa nimeishona mimi."

Akaigusa kichwani, kama aliyeambiwa ina mdudu. "Basi endelea na kofia, mama. Siasa waachie wanaume."

"Lihamishe tangi, baba. Ukilihamisha, nitaandika shukrani tu."

"Mwanamke hanihamishii tangi mimi. Na ukinitaja, ujue umewataja na jamaa zangu wote, na wako pia. Tutakutana wapi mtaani hapa?"

"Tutakutana hapa hapa," nikamwambia. "Mimi sina pa kwenda."

Nikatoka. Lango likabaki wazi nyuma yangu. Nikageuka, nikainua simu nikapiga picha ya tangi kutoka njiani. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe kwamba ni mali ya wadi. Miezi yote ile tumepanga foleni mbele yake, hakuna aliyefikiri kulipiga picha.

Nikaandika jina lake kamili na jina la babake, mtaa, na ile siku aliyofunga mfereji. Humu simwandiki, kule yamtosha. Nikaandika pia, "Tangi lililo kwa shemegi yangu halina maandishi ya mtu. Kalinunua kwa jasho la mkokoteni. Waliomsema wamemdhulumu, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango."

Wale wenzangu wakalichukua. Mkulima wa Vitengeni akaweka picha ya tangi na jina, mistari mitatu. Yule wa Bofa akaeleza kwamba mali ya wadi haikai ndani ya ukuta wa mtu hata siku moja, akataja ofisi ya kupelekewa malalamiko. Mzee wa Kakuyuni akatunga beti, na tangi akalipa sauti likalia lenyewe kutaka kutoka kifungoni. Kijana wa Malindi akatukana. Nikamwomba apunguze, "mwanangu, ni mtu mzima." Akapunguza, akabakisha mawili. Sijui ni yupi kati yao aliyemwamsha mkubwa wa wadi. Huenda ofisini wako wapendao mashairi, na wako waogopao matusi. Lori lilikuja, tangi likatolewa, likawekwa kando ya njia juu ya matofali, mahali palipokusudiwa tangu mwanzo.

Sasa maji yapatikana kwa wote. Wanawake wapanga foleni kivulini, hucheka, husengenya. Nikifika mimi na mtungi wangu, hunyamaza. Wanipisha hata nichote kwanza, upesi, ili niondoke. Kumtaja mzee kwa jina, na la babake aliyekwisha kufa! Hilo hata waliokuwa wakiungua na jua mlangoni kwake hawakunisamehe.

Siku za mwaliko zikafika. Kwetu harusi hualikwi kwa kadi, hupitiwa nyumba kwa nyumba na mama wa kualika, na asiyepitiwa haendi, hata akiwa nani. Mama wa kualika wa mtaa wetu sauti yake waisikia nyumba tatu kabla hajafika. Nikamsikia kwa jirani wa kushoto. "Hodi! Mwasalimiwa na mama wa bibi harusi, mwaalikwa nyote!" Nikasimama nyuma ya mlango, mtandio nimeshauvaa. Viatu vyake vikapita tap, tap, tap mbele ya mlango wangu. Kisha, "Hodi!" kwa jirani wa kulia.

Niliuvua mtandio. Punde mlango wa uani ukagongwa. Ni yeye, jasho lamtoka, anong'ona. Sikujua kama ajua kunong'ona.

"Sikukualika mimi, usiseme nimekualika. Nimetumwa na bibi harusi, yuko ndani hatoki. Asema kofia iko tayari?"

"Iko tayari. Mamake ajua umekuja?"

"Ajua, hajui." Akakaa kwenye ndoo. "Mama yangu, usimlaumu. Mambrui wametulia, shemegi yako kasimama tena na watu wake. Lakini wapishi wa harusi ni kina nani? Ni wake wa ukoo wa mzee wa tangi, wote. Wamesema ukiingia wewe, wao watoka na miko yao. Watu wote wale walishwe nini, uzi?" Akacheka, akaziba mdomo. "Nami mwenyewe nakuogopa. Usije ukaniandika."

"Wewe nitakuandika kwamba sauti yako yawaamsha wagonjwa."

"Ha! Niandike, lakini jina usilitie!"

Nikamletea kofia, nimeifunga kwenye kitambaa cheupe. Akaigeuza juani, viua vyote vikapitisha mwanga, akanyamaza kidogo. Kwa mtu kama yule, huko ni kusifu sana. Akaitia chini ya buibui akaenda zake.

Siku ya nikaha nilifunga madirisha ya upande wa kwao, nikayafungua tena. Vigelegele vilikuwa vyaja na upepo, na harufu ya zafarani. Nilisoma Kurani nikamwombea mtoto. Nikajaribu kuanza kofia mpya, nikaiweka.

Alasiri nikachukua simu. Watu wa Bofa na Kakuyuni walikuwa na mambo yao, barabara na bei ya mahindi. Nikateremka, nikateremka, mpaka nikafika kwenye ule ukurasa wa picha za pilau. Mheshimiwa ahudhuria nikaha Malindi. Mheshimiwa akila, bila shaka, shavu limejaa. Na kando yake, kwenye jamvi la mbele, shemegi yangu kavaa kanzu nyeupe. Baba mkwe wa Mambrui kamwekea mkono begani, na wote wawili wacheka. Baina yao yuko bwana harusi na kofia yangu.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo. Nikakiona kiua cha mbele nilichokifumua nikakishona upya siku aliyoondoka mdogo wangu na mkeka wake. Hakuna atakayekijua ila mimi. Nikaivuta huku na huku nikimtafuta mdogo wangu, nikijua fika kwamba wanawake hawamo.

Sikuwahi kuandika neno kwenye ukurasa ule. Nikaandika pongezi, "Mabruk." Nikaliangalia. Halina mwenyewe, laweza kuwa la mtu yeyote. Nikalifuta nikaandika, "Mabruk wanangu. Kofia nimeshona mimi, mama yenu mkubwa."

Mpaka adhana ya magharibi alikuwa kanijibu mmoja tu, wa Vitengeni. "Imemkaa, mama."